Gemu Iliyopona

Filamu haikutisha. Watu mia na arobaini waliingia ukumbini Jumapili saa tisa alasiri wakiwa wamejiandaa kuogopa, na kufikia saa kumi na nusu hakuna aliyepiga ukelele, hakuna aliyemshika jirani yake mkono, hakuna hata aliyefumba macho. Walicheka. Mwanzo walicheka kwa adabu, viganja mdomoni. Halafu mwanamume mmoja wa safu za nyuma akaachia kicheko cha tumboni, na ukumbi mzima ukamfuata kama mbuzi waliomwona mwenzao amepata tundu kwenye uzio.

Fundi, mwenye duka la kutengeneza redio na TV, alikuwa safu ya pili, mikono kifuani, shingo imara. Yeye hakucheka. Filamu ile ilikuwa ya mpwa wake, binti wa dada yake mdogo, na ilikuwa ya kwanza. Kwa miaka sita binti yule alikuwa akipiga video za harusi: bibi harusi anashuka garini, bibi harusi anakata keki, bibi harusi anamlisha keki mama mkwe. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akiipiga filamu hii kila alipopata siku tupu. Na mtu wa kuamua kama itakwenda popote alikuwa humo humo ukumbini, kiti cha pembeni karibu na mlango: mwenye sinema ya mjini, mzee mnene mwenye pakiti ya karanga. Akiikubali, itaonyeshwa kwake na binti atakuwa mtu wa filamu. Akiikataa, binti anarudi kwenye keki. Familia nzima ilijua hivyo.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kueleweka. Msichana anahamia nyumba ya kupanga na kukuta stoo mashine ya zamani ya gemu, kabati la mbao lenye TV ya kichogo ndani yake, mpini mmoja na vitufe viwili. Ndani ya gemu kuna kijitu kinachopanda ngazi na taa mkononi. Kijitu kikianguka, mtu mmoja wa nyumba ile anakufa, na sura yake inajitokeza ndani ya kioo. Laana tupu. Ukisimuliwa hivi hivi na mtu anayejua kusimulia, utaomba usindikizwe chooni.

Lakini kwenye skrini kioo cha gemu kilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Kijitu kilipanda ngazi zake bila shida, rangi zote kamili, na muziki wake ulikuwa mtamu. Baba wa nyumba alipokufa, sura yake ilijitokeza pale kiooni ikiwa imebandikwa na kompyuta, mashavu yamejaa, macho yametulia, kama picha ya kitambulisho.

"Mwambieni mzee asogee," mtu alipaza sauti, "anatuzibia gemu!"

Hapo watu walivunjika mbavu.

"Mwanangu, si uchomoe tu waya?" mama mmoja alimshauri msichana wa kwenye filamu, na wenzake wakampigia makofi.

Kibaya zaidi, mashine yenyewe, ile ile ya kwenye filamu, ilikuwa imewekwa mlangoni kama pambo, na ilikuwa imewashwa. Kuanzia katikati ya filamu watu walianza kutoka mmoja mmoja wakijifanya wanakwenda haja. Hawakurudi. Filamu ilipoisha, ndani walibaki hamsini na kitu, na nje kulikuwa na foleni ya kucheza gemu yenye laana. Watu wazima wanasukumana.

"Umeshakufa mara tatu, toka!"

"Subiri bwana, hii ngazi nimeshaijua!"

Fundi alipoiona foleni ile alijisikia vizuri kidogo. Mashine ilikuwa yake, na kazi ilikuwa ya mikono yake.

Mwenye sinema alimvuta binti pembeni, akamwambia maneno machache, akaenda zake. Binti alikuja uani, nyuma ya ukumbi, ambako ndugu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitazama viatu vyao. Hakuna aliyejua aanzie wapi. Katika ukoo ule, likiwapo jambo la kusemwa na kila mtu anameza mate, husubiriwa fundi.

"Nitasema mimi, maana nyote mmegeuka mabubu," alisema fundi. "Tatizo nalijua. Ni shemeji."

Shemeji, baba mzazi wa binti, dereva wa lori mstaafu ambaye ndiye aliyeigiza baba wa nyumba, aliinua kichwa. "Mimi?"

"Wewe. Mtu anakata roho huku anaangalia kamera kama anasubiri chenji."

"Shemeji, nikwambie kitu. Nilikufa vile vile nilivyoambiwa nife."

"Dakika nne nzima! Ukaanguka, ukaamka kuweka shati vizuri, ukaanguka tena."

"Shati lilikuwa jipya."

"Ndiyo nasema! Maiti gani inajali shati?"

"Kaka, basi," dada yake aliingilia.

"Siyo basi. Mtoto amepoteza miaka miwili, aambiwe ukweli ajue pa kurekebisha. Familia hii tunaoneana haya mno. Mtu akiona kosa, aseme."

Binti alikuwa amesimama ameegemea ukuta, begi la kamera begani. "Haya, nasema," alisema. Hakupaza sauti. "Siyo baba. Ni wewe, Mjomba."

Shemeji alifungua kifungo cha juu cha shati, akakaa vizuri asikilize.

"Mimi nimefanya nini?" aliuliza fundi. "Mimi nimetoa mashine. Nimeitengeneza, bure, kwa muda wangu."

"Ndiyo hapo," alisema binti. "Uliitengeneza."

Mashine ile ilijengwa na mwalimu wake fundi, mzee aliyempokea kwenye karakana yake alipoacha shule darasa la sita na kumfundisha kazi kuanzia kushika bisibisi. Ilikuwa na ugonjwa. Ikishapata moto, wakati wowote inaoutaka yenyewe, kingo za picha zilianza kuliwa, ngazi zikapinda kama zimelowa, taa ya kijitu ikavutika kwenda chini, na juu yake kikakusanyika kitu chenye matundu mawili na mpasuko mmoja chini yake, kikakuangalia. Sauti nayo ilibadilika ikawa nyembamba, kama ya mtu anayeita kutoka kisimani na hategemei kuitikiwa. Baada ya muda picha ilirudi, kijitu kikaendelea kupanda kama hakijafanya lolote. Mzee aliutafuta ugonjwa huo miaka minane. Hakuupata. Alipofariki mashine ilibaki kwa fundi, ikakaa nyuma ya duka chini ya shuka.

Binti aliiona huko siku moja alipopita kumsalimia mjomba wake. Nywele zilimsimama. Akarudi nyumbani akaandika filamu nzima kwa ajili ya kile kitu cha kwenye kioo. Alipokuja kuiazima, fundi alimwambia mashine ni mbovu, na binti akajibu, "Iko sawa hivyo hivyo, Mjomba, usijisumbue."

Fundi alikuwa na miaka thelathini akiyasikia maneno hayo kwa wateja. Kwake yeye anayeyasema huwa mtu wa aina moja tu: anayetaka kutengenezewa na anaona haya kuomba. Kwa hiyo alijisumbua. Wiki tano, kila asubuhi kabla ya kufungua duka, alikaa na mashine ile hadi akaupata ugonjwa ambao mwalimu wake hakuupata. Ulikuwa kwenye flaibeki, kile kifaa kinachopandisha umeme wa kioo. Kilikuwa na ufa ndani yake, ufa usioonekana kwa macho. Alitoa nyingine kwenye TV iliyokufa, ya mwisho ya aina ile dukani kwake, akaifunga. Ile mbovu akaitupa kwenye gunia la chuma chakavu. Na siku ya kwanza ya kupiga sehemu za gemu, mbele ya watu wote, akavuta shuka.

"Mlipiga makofi wote," alisema binti pale uani. "Mama alilia. Ukasema laiti mwalimu wako angekuwepo akaona. Ningesema nini, Mjomba? Mbele ya watu? Na ile nyumba safari hiyo tulipewa siku tatu tu."

"Ungesema."

"Nikwambie umeniharibia?"

"Ndiyo! 'Mjomba, umeniharibia.' Maneno mawili, yamekushinda?"

"Kumbe," alisema shemeji, "kumbe maiti haikuwa na kosa."

"Wewe nyamaza. Bado ulikufa vibaya." Fundi alimgeukia binti. "Yule mzee wa sinema amesemaje?"

"Amesema hadithi ipo, hofu haipo. Amenipa hadi Ijumaa, saa nne asubuhi. Nimpelekee tena, akiogopa anachukua."

Fundi alisimama, akapangusa suruali. Hakuomba radhi. Hajawahi kuomba radhi kwa mdomo tangu dada yake amjue. "Kesho lete kamera dukani," alisema.

Alidhani kuiharibu itamchukua nusu siku. Aliyefunga mlango ndiye anayejua kuufungua. Jumatatu alilegeza waya tatu nyuma ya kioo, picha ikaanza kurukaruka. Binti, aliyekuwa kwenye stuli nyuma ya kamera, alitikisa kichwa.

"Hii ni TV ya jirani mvua ikinyesha."

Jumanne alitoa kapasita nzima, vile vifaa vidogo vinavyotunza umeme, akaweka zilizochoka. Picha ilinywea, kisha ikavimba, kijitu kikawa kama kimemeza mto.

"Inachekesha, Mjomba."

"Sasa unataka nini hasa?" Fundi aliweka chini chuma cha kulehemia. "Hiyo imeharibika. Muulize fundi yeyote mjini, atakwambia hiyo ni mashine iliyoharibika."

"Nataka niogope. Umeiharibu kifundi. Kila ikifika sekunde ya kumi inaruka, nimehesabu."

Fundi alihesabu naye. Moja, mbili, tatu, hadi kumi. Ikaruka. Akahesabu tena. Ikaruka. Alijaribu kuichanganya, ikawa inaruka kwenye sekunde ya kumi na ya kumi na tano, kwa zamu, kama walinzi wa lango. Mikono yake haikujua kufanya kazi mbovu. Miaka thelathini ilikuwa imeizoesha vingine.

Jumatano alikwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu kuulizia flaibeki aliyoitupa miezi mitano nyuma. Mnunuzi alimwangalia kwa huruma.

"Fundi, hiyo saa hizi ni sufuria ya mtu."

Ilibaki njia moja, nayo aliijua tangu Jumatatu, alikuwa anaizunguka tu. Apasue flaibeki hii nzima iliyomo ndani. Ile ya zamani ilipasuka taratibu kwa joto la miaka mingi, ndiyo maana ilidumu na ugonjwa wake. Hii akiipasua kwa mkono atakuwa ameipa dakika chache tu za kuishi. Ikiungua inaweza kuondoka na kioo, na kioo kama kile hakipatikani tena popote. Tangu mashine ipone, fundi alikuwa ameiweka mlangoni mwa duka. Watu walisimama kuicheza, waliosimama walikumbuka redio zao mbovu nyumbani, na hivyo ndivyo wateja walivyokuwa wakija. Lakini siyo wateja waliomfanya azunguke siku tatu. Alikuwa amefanya kazi nyingi nzuri maishani mwake, na bora kuliko zote ilikuwa hii.

Alhamisi asubuhi hakufungua duka. Alitundika mablanketi madirishani, giza likaingia. Binti alikuja na msusi, rafiki yake aliyeigiza yule msichana wa kwenye filamu. Msusi alikuwa na haraka; kule saluni amemwacha mteja kichwa kimesukwa upande mmoja.

"Sikilizeni," alisema fundi. "Nikikata hapa, hairudi. Ikiwaka mnapiga mara moja, hakuna kurudia. Msusi, unakaa umbali wa mkono, huigusi mbao, unagusa mpini tu. Nikisema toka, unatoka, usiniulize kwa nini."

"Mjomba, si lazima," alisema binti.

"Usinianzie tena adabu zako. Unaitaka au huitaki?"

Binti aliwasha kamera. "Naitaka."

"Basi."

Alichomoa waya ukutani. Alivaa viatu vya mpira, akatia mkono wa kushoto mfukoni, kama alivyofundishwa siku ya kwanza kabisa: kwenye kioo unaingiza mkono mmoja tu, kwa sababu umeme ukiingia kwa huu na kutokea kwa ule, katikati ya njia yake pana moyo. Aliumaliza umeme uliolala kwenye kioo. Kisha akachukua kipande cha msumeno wa chuma na kuikata flaibeki ubavuni, taratibu, ufa mwembamba kama unywele. Akadondosha humo matone matatu ya maji ya chumvi kwa mrija. Akafunga mgongo wa kabati, akarudi nyuma, akachomeka.

Dakika mbili kijitu kilipanda ngazi. Msusi alicheza, binti alipiga. Fundi alisimama pembeni na blanketi zito mkononi.

Halafu kingo zikaanza kuliwa.

Haikuwa kama zamani, ilikuwa mbaya zaidi. Ngazi zilipinda, zikayeyuka, taa ya kijitu ikamwagika kioo kizima, na kile kitu kikakusanyika juu polepole, matundu mawili na mpasuko, kikaenda kushoto, kikarudi, kikasimama mbele ya uso wa msusi. Sauti ya kisimani ikaanza. Msusi aliacha kuigiza. Machozi yalimtoka, mkono umeganda kwenye mpini, na kile kitu kilipofungua mpasuko wake alisema, "Mama," neno ambalo halikuwa limeandikwa popote. Fundi alikijua kila kifaa kilichokuwa ndani ya kabati lile, kwa jina na kwa namba, na vinyweleo vilimsimama mikononi.

Dakika ya kumi na moja kilisikika kishindo. Moto wa buluu ulitoka nyuma ya kabati.

"Toka!"

Msusi alitoka. Fundi aling'oa waya ukutani, akafungua mgongo wa kabati, na kwa kuwa moto ulikuwa unapanda kwenye mbao aliishika flaibeki inayowaka kwa vidole viwili, akaing'oa na kuitupa sakafuni, kisha akafunika kabati kwa blanketi. Alipogeuka, binti alikuwa bado anapiga, jicho kwenye kamera, moshi umemzunguka.

"Umepata?" aliuliza fundi.

"Nimepata, Mjomba." Ndipo akashusha kamera. "Mkono wako!"

"Mkono wangu hauhusiani na filamu. Umepata au umedhani umepata?"

"Nimepata."

Msusi alikuwa ameshafika saluni.

Ijumaa saa nne mwenye sinema alikaa peke yake katikati ya viti mia tatu, na pakiti yake. Fundi na binti walisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Mzee alitafuna karanga filamu nzima. Alitafuna wakati shemeji anakufa, alitafuna wakati sura ya shemeji inatokea kiooni, mara mbili alitazama saa. Kisha ikafika sehemu ya Alhamisi, ambayo binti alikuwa ameiweka mwisho, nzima, bila kuikata. Kutafuna kulikoma. Kile kitu kiliposimama mbele ya msusi, mzee mzima alinyanyua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni akaipandisha kitini.

"Washa taa," alisema ilipoisha. "Washa taa kwanza."

Taa zikawashwa. Alishusha miguu kama mtu ambaye hakuwa ameipandisha.

"Dakika tisini na mbili," alisema. "Themanini na moja sizitaki. Kumi na moja za mwisho nachukua. Nitazionyesha kila wiki kabla ya filamu kubwa."

"Na hizo themanini na moja?" aliuliza binti.

"Hizo, mwanangu, usimwonyeshe mtu."

Binti alimgeukia mjomba wake. "Baba yumo kwenye hizo."

"Yumo."

"Wote wamo. Mjomba, unaonaje?"

"Mimi safari hii sioni kitu. Filamu ni yako, sema wewe."

Binti alishika ukanda wa begi kwa mikono miwili. Kisha alishuka ngazi za ukumbi hadi mbele ya yule mzee. "Chukua," alisema. "Lakini jina langu likae mwanzoni, siyo mwishoni watu wakishaanza kusimama."

"Litakaa mwanzoni."

"Na nitakuja kuangalia kama limekaa."

Mzee alicheka, akamkaribisha karanga.

Wiki ya kwanza mwanamke mmoja alitoka mbio akaacha kiatu. Wiki ya tatu watu walianza kuja mapema, wakatazama zile dakika kumi na moja, na baadhi yao wakaondoka kabla ya filamu kubwa. Mwezi wa pili mwenye sinema alimwita binti na kumwambia aandike nyingine, ndefu, na safari hii ofisi ya kuandikia atampa yeye.

Gharama zake ni hizi. Flaibeki moja, ya mwisho. Kioo kimoja cha inchi kumi na nne, kimepasuka shingoni. Kabati la mwalimu, limeungua mgongo wote. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa fundi. Kimoja kimepona, kingine hakijui moto wala baridi. Wateja watatu au wanne kwa wiki, waliokuwa wakisimama mlangoni kucheza na sasa wanapita moja kwa moja. Mteja mmoja wa msusi, aliyekwenda kumalizia kichwa chake saluni nyingine na hakurudi. Shemeji, ambaye hayumo kwenye filamu hata sekunde moja, na kwa miezi minne hajakanyaga dukani. Salamu zake hupitia kwa dada. Kazi bora kuliko zote za fundi, iliyodumu miezi mitano na siku tisa. Na upande wa binti, siku thelathini na tisa za kupiga picha, ambazo kati yake imebaki moja, ile Alhamisi.